Kitafunio cha saa nne kitoke jikoni, si katika pakiti

Ukisimama nje ya shule yoyote ya msingi pale Ukunda, Msambweni au hapa Mombasa wakati kengele ya mapumziko ya saa nne inapolia, utaona biashara ikinoga. Biskuti za pakiti, peremende, viazi vya kukaanga vilivyojaa chumvi, mabuyu yaliyokolezwa rangi nyekundu, na vinywaji vya rangi ambavyo havijawahi kukutana na tunda. Mtoto hutoa sarafu zake, hupokea, hutafuna na kurudi darasani. Ikifika saa tano na nusu njaa imerudi, naye mwalimu wa hesabu anashangaa kwa nini nusu ya darasa inapiga miayo.

Tusiwacheke watoto. Sisi wa maofisini tuna saa nne yetu: chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu, mandazi mawili ya unga mweupe, na siku ya mkutano sahani ya biskuti huzungushwa mezani kana kwamba ni sehemu ya ajenda. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Uzani huo, kwa maoni yangu, haukuletwa na pilau za harusi pekee. Harusi huja mara moja moja. Saa nne huja kila siku.

Ndiyo maana nashikilia kuwa anayetaka kurekebisha lishe ya nyumba yake asianze na ugali wa jioni, ambako atakutana na upinzani wa familia nzima, kuanzia babu hadi kitinda mimba. Aanze na kitafunio. Na kitafunio ninachokipendekeza ni vipande vya nafaka isiyokobolewa na matunda, vilivyookwa nyumbani, vikakatwa na kufungwa kwa karatasi, tayari kutiwa mkobani.

Najua atakayesema, "Ah, hivyo ni vyakula vya watalii." Ana sababu ya kusema hivyo. Katika maduka makubwa ya Diani vipande vya namna hii huuzwa karibu na kaunta, vimefungwa kwa karatasi inayong'aa yenye picha ya shamba la ngano na maneno ya kusifu afya. Bei yake mfanyakazi wa kawaida wa hoteli huitazama akapita. Lakini hebu geuza pakiti usome mgongoni. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi zaidi kikitangulia. Ukikuta sukari, au shira ya glukosi, au yote mawili, miongoni mwa vitu vitatu vya kwanza, ulichoshika mkononi ni peremende iliyovaa kanzu. Na usidanganywe na rangi ya hudhurungi, kwani sukari iliyounguzwa huweza kuutia weusi unga mweupe kabisa.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kuwa elimu inayouza pakiti hizo ilichotwa kwa sehemu kubwa katika vyungu vyetu wenyewe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alianza kazi Uganda mwaka 1946. Mwenzake Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafundisha udaktari Kampala kwa miaka mingi. Wote wawili walishangazwa na jambo moja: magonjwa yaliyojaza hospitali za Ulaya, kama ya moyo, ya utumbo mpana, kisukari cha ukubwani na hata bawasiri, yalikuwa adimu kwa wagonjwa Waafrika waliowatibu. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki taarifa ya Mwafrika mmoja aliyeugua ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja tu, naye alitosha kuandikiwa makala! Leo ni familia gani ya mjini isiyokuwa na mzee anayemeza vidonge vya presha?

Waliporudi Uingereza, madaktari hao waliunganisha waliyoyaona, na mwaka 1975 wakahariri pamoja kitabu kizito kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayoandamana navyo. Hoja yao ilikuwa kwamba Mwafrika wa wakati ule alikula nafaka, mizizi na kunde pamoja na nyuzinyuzi zake, ilhali Mzungu alizitupa kiwandani. Bila shaka zipo sababu nyingine. Wazee wetu walitembea, walilima, na wengi hawakuishi miaka ya kutosha kupata maradhi ya uzeeni. Lakini hoja ya nyuzinyuzi haikufa. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walioagizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kupitia tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, pamoja na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na waliokula chache zaidi, na kiasi kilichoonekana kufaa ni gramu 25 hadi 29 kwa siku. Basi elimu imetoka Kampala, imezunguka dunia, na imerudi Diani ndani ya pakiti kwa bei ya watalii.

Punje ya nafaka ina sehemu tatu: ganda la nje, ambalo likisagwa huwa pumba, kiini, ambacho ndicho mbegu yenyewe, na wanga wa katikati. Kinu cha kisasa huondoa pumba na kiini kwa sababu unga mweupe hupendeza macho na haraka hauchachi. Kinachobaki ni wanga mtupu, unaogeuka sukari mwilini upesi. Tangu 2012 sheria ya Kenya inavitaka viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa pakitini, na hilo ni jema sana. Hata hivyo, nyuzinyuzi hazirudishwi. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina takriban gramu 10 za nyuzinyuzi. Za unga mweupe hazizidi sana gramu 3.

Pwani haikuhitaji kufundishwa haya na mtu. Kabla ya mahindi kutawala, mtama na mawele vilikuwa vyakula vya kila siku vya watu wa mwambao na wa bara yake. Mkate wa mofa, unaotengenezwa kwa unga wa mtama na kubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, bado waujua wazee wa Lamu na Unguja, na mwezi wa Ramadhani hutafutwa kwa hamu. Ni mkate wa nafaka nzima, ingawa hakuna aliyeuandikia tangazo.

Na matunda? Hapo ndipo moyo huuma. Pita barabara ya kutoka Likoni kwenda Lungalunga katika msimu wa maembe, tangu Novemba hadi Machi. Maboribo, mangowe na madodo yamepangwa mafungu kando ya njia, na chini ya miembe yamelala mengine yasiyo na mnunuzi, nzi wakiyafaidi. Shimba Hills kuna machungwa, ndizi na korosho. Minazi hatuna haja ya kuitaja. Halafu katikati ya neema hiyo mtoto wa Kwale ananunuliwa biskuti iliyosafirishwa kutoka mbali, yenye ladha ya embe iliyotengenezwa maabarani.

Embe haliwezi kungoja, lakini laweza kukaushwa. Bahati nzuri msimu wake huangukia kaskazi, na miezi ya Januari na Februari jua la mwambao ni kali na mvua ni haba. Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Likate vipande vyembamba vya nusu sentimita, uvitandaze juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka chini, uvifunike kwa kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, na uviingize ndani kila jioni kabla ya umande. Baada ya siku mbili au tatu vipande vitakunjika kama ngozi laini bila kutoa maji. Hapo vitie katika chupa kavu yenye kifuniko. Mawingu yakitanda, malizia kwa tanuri lenye moto mdogo kabisa. Embe lililokauka nusu huota ukungu.

Sasa twende jikoni. Kwa trei moja nachukua kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano nzima, ule wa hudhurungi wa chapati, na kikombe kimoja cha unga wa mtama. Mtama peke yake haufai, kwa kuwa hauna ule unato unaoushikamanisha unga wa ngano, na vipande vitamong'onyoka mkononi. Wimbi nao hufaa mahali pa mtama kwa anayeupenda. Naongeza chumvi kidogo, iliki ya kutwanga na mdalasini. Kando, naponda ndizi nne kubwa zilizoiva hadi ganda limepata madoa meusi, maana hapo ndipo utamu wake umekamilika. Nachanganya na yai moja na mafuta ya kupikia vijiko vinne vya mezani. Kisha nusu kikombe cha tende zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa, nusu kikombe cha embe kavu, nusu kikombe cha nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu mpaka ianze kubadilika rangi, na nusu kikombe cha korosho zilizokaangwa na kupondwa. Sukari hakuna. Vyote huchanganywa, na ukiona unga umekuwa mkavu mno, maziwa au maji vijiko viwili yatatosha.

Mseto huo hushindiliwa katika trei iliyopakwa mafuta, kwa unene wa sentimita mbili hivi, ukaokwa kwa nyuzi 180 kwa dakika 25 hadi 30. Asiye na tanuri la umeme wala la gesi asivunjike moyo. Mkate wa kumimina na mkate wa mayai tangu zama za bibi zetu vimeokwa kwa sufuria, moto kidogo chini na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko, na vipande hivi havina maringo kuliko mikate hiyo. Moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo chini kutaungua kabla katikati hakujaiva. Acha vipoe kabisa kabla ya kukata. Hili watu wengi hulipuuza kwa uroho, wakapata makombo badala ya vipande. Trei moja hutoa vipande 16.

Kwa joto la pwani vitakaa siku mbili au tatu ndani ya bati lenye kifuniko, na wiki moja ndani ya friji, kwa sababu ndizi na nazi hazivumilii. Hii ni tofauti moja na vile vya pakiti, vinavyokaa miezi bila kubadilika. Ukijiuliza vinawezaje, rudi usome mgongoni mwa pakiti.

Lazima hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa vyakula vya afya hulimeza. Kipande hiki kina sukari. Tende zina sukari nyingi mno, embe kavu vilevile, kwa kuwa maji yametoka na utamu umebaki. Kwa makadirio yangu kila kipande kina kiasi cha gramu 9, yaani vijiko viwili vya chai, yote kutoka katika matunda. Soda ya kola ya chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 32, sawa na vijiko vinane, bila nyuzinyuzi hata moja. Mwongozo wa WHO wa 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na unasema ingefaa zaidi iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Katika hesabu hiyo WHO huingiza pia asali, shira na maji ya matunda. Kwa hiyo anayeacha sukari nyeupe akamimina kikombe cha asali katika trei, akajipongeza, hajafanya lolote. Nayasema haya bila kuwapiga vita wakulima wa miwa wa Msambweni na Ramisi. Miwa ya kutafuna kwa meno yako mwenyewe haijawahi kumnenepesha mtu kama ile iliyogeuzwa unga mweupe ikafichwa katika kila kitu.

Mwenye kisukari basi asidhani nimempa dawa. Kipande kimoja huhesabiwa kama chakula kingine chenye wanga, na ni vyema amwonyeshe daktari wake orodha ya viungo. Mtoto naye asukutue kinywa kwa maji baada ya kula, kwani tunda kavu hunata menoni. Walio chini ya miaka mitano wasipewe vipande vyenye korosho nzima au karanga nzima, wanaweza kupaliwa, zisagwe. Na kwa baadhi ya watoto karanga na korosho huleta madhara makubwa ya mzio, jambo ambalo mzazi anayefunga chakula cha kugawana shuleni hana budi kulikumbuka.

Karanga nazitaja kwa sababu korosho ni ghali, na wengi watatumia karanga badala yake. Hapana ubaya, ila zichambuliwe moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya ukungu itupwe, na isifichwe kwa kukaangwa, maana sumu ya aflatoksini haiishi kwa moto wa jikoni. Hatujasahau mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake.

Nasikia tayari malalamiko ya akina mama wanaofanya kazi: wakati uko wapi? Ni swali la haki, na sitamjibu mtu anayeamka saa kumi na moja kuwahi feri kwa kumwambia apange muda wake vizuri. Trei moja huchukua kama saa moja Jumapili alasiri, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni kungoja moto. Baba wa nyumba pia ana mikono miwili ya kuponda ndizi. Kuhusu gharama, ukitumia karanga badala ya korosho na embe ulilolikausha mwenyewe msimu ulipokuwa mwingi, hutakuta kipande kimoja kikizidi bei ya pakiti ya biskuti nzuri, na kitamshikilia mtoto hadi saa ya chakula cha mchana. Kama mtoto ni wa kukunja pua kwa rangi ya mtama, anza na robo kikombe, uongeze polepole kila wiki.

Wala kipande kisimnyime tunda bichi. Kukausha na kuoka huondoa sehemu kubwa ya vitamini C, kwa hiyo kiandamane na chungwa la Shimba Hills badala ya kikombe cha chai. Chungwa husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyo katika mtama; chai huyazuia.

Lakini haki ya mambo ni kwamba nyumba moja moja haziwezi kushindana na lango la shule. Mama anayeuza pale hana hatia. Anauza kinachonunuliwa, na watoto wake mwenyewe wanasoma kwa faida ya mabuyu hayo hayo. Kumfukuza, kama baadhi ya shule zinavyopenda kufanya kila panapotokea ugonjwa wa tumbo, ni kumhamisha hatua hamsini mbele tu. Mwanamke anayejua kusukuma mahamri mia moja kabla ya adhuhuri hashindwi na trei za unga wa mtama. Anachokosa ni uhakika kwamba akizioka zitanunuliwa. Uhakika huo shule yaweza kumpa: imwagize idadi fulani kwa siku, imwonyeshe viungo inavyovitaka, imlipe kwa wiki. Kwa shule ya bweni ni rahisi zaidi, kwa sababu bajeti ya chai ya saa nne tayari ipo na ni suala la kuielekeza kwingine.

Muhula ujao wazazi wataitwa mikutanoni kama kawaida, waelezwe karo, sare na matokeo ya mitihani. Mzazi mmoja ainue mkono aulize watoto wanakula nini saa nne, nani anakipika, na kwa unga gani. Na akipenda, aende na trei.